Kamenka Gani?

Siku mliponiaga mlinikatia keki iliyoandikwa "Kwaheri Mzee wa Russia", na mlinzi wa mlangoni akauliza tangu lini nimekuwa daktari. Kosa si lake. Katika Kisumu hii ukisema Russia watu wanafikiria hospitali kubwa, kwa kuwa Warusi ndio walioijenga, na zaidi ya mara moja nimeletewa mezani pangu mtoto mwenye homa na mama aliyeelekezwa na mpita njia. Nilikuwa namwonyesha barabara, kisha narudi kwenye Urusi yangu mimi: kuandika anwani za miji ya huko, na kuwaeleza watu wa ziwa hili, wenye watoto huko, majina ya miji hiyo yana maana gani.

Kwa kazi hiyo mmenisifu sana. Brenda anataka daftari langu la majina aliingize kwenye kompyuta ili lizidi kuwahudumia wateja. Kabla hajaliingiza, naomba msome haya. Daftari hilo lilimfanya mama mmoja wa Luanda Kotieno amruhusu mwanawe aende mahali ambapo hakuna mtu, mimi nikiwa wa kwanza, aliyejua ni wapi. Nitaeleza tangu siku ya kwanza, ili muone kwamba mtu hafiki kwenye ujinga mkubwa kwa siku moja. Mimi ilinichukua karibu miaka arobaini.

Nilianza kazi nikiwa nimetoka tu kidato cha nne, na mwandiko mzuri, jambo pekee ambalo walimu wangu walilikubali bila mjadala. Saiba yenu hii ya kompyuta wakati huo ilikuwa chumba cha nyuma cha duka la Bwana Ramji la vifaa vya shule. Nje kulikuwa na kibao: Uchapaji, Barua, Fomu. Ndani kulikuwa na mashine mbili za taipu, karatasi za kaboni, wembe wa kukwangulia makosa, na ramani ya dunia ukutani ambayo panya walikuwa wamekula sehemu ya Siberia bila mtu yeyote kugundua upungufu.

Kwenye kona alikaa Mzee Wafula, mtu wa Bungoma, aliyekuwa na meza tuliyoiita meza ya Urusi. Siku hizo familia nyingi za huku ziwani zilikuwa na kijana anayesomea udaktari au uhandisi katika nchi ya Wasovieti. Barua zilikuja na anwani za herufi ambazo hata padri hakuzijua, na mtu akitaka kujibu alikuja kwa Wafula. Yeye mwenyewe alikuwa amesoma huko miaka miwili, akarudi na kamusi, kofia ya manyoya na kikohozi. Shahada, alisema, aliisahau kwenye treni.

Siku yangu ya kwanza alinipa bahasha na karatasi yenye anwani ninakili. Nikaandika vizuri, jina la kijana juu kabisa, kwa herufi za madaha. Wafula akaitazama kama mtu anayetazama samaki wa juzi.

"Umeandika nini hapa juu?"

"Jina la mwenye barua, Mzee."

"Nani alikuambia mtu anakuja kwanza?"

"Si barua ni ya mtu?"

"Kwenu. Kwa Mrusi barua ni ya nchi." Akaichana mara mbili. "Nchi, mkoa, mji, barabara, nyumba. Mtu mwisho, nafasi ikibaki. Ukitaka kuielewa serikali yao usisome vitabu, soma bahasha."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanipa bahasha nyingine na kuniambia neno ambalo ningelichora kwenye mkono wangu kama ningekuwa na akili: "Ukikosea jina la mtu, barua itafika mlangoni na mwenye nyumba atauliza. Ukikosa mkoa, barua itazunguka mpaka bahasha iote ndevu. Usiwahi kuacha mkoa."

Herufi zao nilizijua kwa mwezi mmoja. Majina ndiyo yaliyoniteka. Wafula alinipa daftari la hesabu, lile la mraba, na kila jina lilipopita mezani alinieleza limetoka wapi. Gorod na grad ni mji. Novgorod ni Mji Mpya, na mji huo mpya una umri kupita makaburi yote ya ukoo wangu yakijumlishwa. Belgorod ni Mji Mweupe, kwa sababu ya chokaa. Pyatigorsk ni milima mitano, nami nina hakika mtu alikwenda akaihesabu. Vladivostok ni "tawala mashariki", jina ambalo aliyelitoa hakujisumbua hata kuficha nia yake.

Yaliyonifurahisha zaidi ni yale yaliyofanana na yetu. Kwetu Wajaluo mtu akikutajia mahali, swali la kwanza ni "Ka ng'a?", yaani ni kwa nani? Mahali pana mwenyewe, na jina linamtaja. Nikakuta kumbe Warusi nao wanauliza hivyo hivyo, ila wanajibu mwishoni mwa neno badala ya mwanzoni. Ivanovo ni kwa Ivan. Ningeweza kuiandika Ka-Ivan, na mtu yeyote wa Asembo angeenda huko akiamini kwamba atapata uji.

Kulikuwa na mji mmoja unaoitwa Rybinsk, kutoka kwa neno lao la samaki. Wakubwa wakaona samaki hawana heshima ya kutosha, wakaupa jina la mkubwa mmoja aliyefariki. Baadaye wakarudisha samaki. Kisha akafariki mkubwa mwingine, samaki wakaondolewa tena, na baada ya miaka michache wakarudishwa mara ya pili. Barua za kijana wetu mmoja aliyesoma huko zilibadilika anwani yeye akiwa kitanda kile kile. Lakini na sisi tusicheke sana. Mji huu wetu uliwahi kuitwa Port Florence kwa heshima ya mke wa mzungu wa reli, na Otonglo pale kwenye barabara ya Busia ni jina la sarafu ya senti kumi, ambayo leo ukimpa muuza nyanya wa Otonglo atakuuliza kama umetoka Russia, ile ya hospitali.

Halafu nchi yao ikavunjika, na majina yakaanza kurudi ya zamani kama watoto waliofukuzwa shule. Leningrad ikaacha kuwa Leningrad. Gorky ikarudi kuwa Nizhny Novgorod, Mji Mpya wa Chini. Sverdlovsk ikawa Yekaterinburg. Mzee mmoja wa Otonglo alikuja ameshika barua ya mwanawe, amekasirika.

"Bwana Wafula, huyu kijana amehama bila kuniambia?"

"Hajahama, Mzee. Mji ndio umebadilisha jina."

"Mji umebadilisha jina, na nyumba anayokaa?"

"Ni ile ile."

"Na barabara?"

"Barabara pia imebadilishwa jina."

Mzee akaikunja barua yake. "Hawa watu walikuwa wanakimbia nani?"

Wafula alilipenda swali hilo kwa miaka yote aliyobaki kazini. Mwaka ule tuliandika bahasha kwa majina yote mawili, jipya juu na la zamani chini, na mkoa ukaandikwa mara mbili. Haikupotea hata barua moja iliyopita mezani petu. Hiyo ndiyo kazi niliyofanya vizuri maishani mwangu, na niliifanya kwa sababu mtu mwingine alikuwa ananisimamia.

Wafula alipokuwa karibu kustaafu nilianzisha jambo langu mwenyewe. Niliona wazazi wanauliza "Ka ng'a?" kuhusu kila mji, na wakijibiwa uso unalegea, wanamweka mtoto mkono kichwani, wanasema nenda. Kwa hiyo nikaanza kuwachapia kadi: jina la mji kwa herufi za Kirusi, na chini yake maana yake kwa Kiswahili. Akina mama waliziweka ndani ya Biblia. Kanisani watu walizionyeshana. Nikaanza kuitwa mwalimu.

Na mwalimu akaanza kutia chumvi. Krasnoyarsk ni ukingo mwekundu. Mimi niliandika "ukingo mzuri", maana zamani neno lao la wekundu lilikuwa pia la uzuri, na mama mwenye kadi alikuwa mtu wa kulia haraka. Vladivostok niliigeuza "mlinzi wa mashariki", kwa kuwa mteja alikuwa shemasi. Mji uliokuwa na jina la kinamasi niliuita "penye maji mengi", na mtu wa ziwani akisikia maji mengi anafikiria chakula.

Wafula aliiona kadi moja mezani akaishika kwa vidole viwili.

"Umemwambia maana. Umemwambia baridi?"

"Hakuuliza, Mzee."

"Umemwonyesha kwenye ramani ni wapi?"

"Panya walikula hapo."

Nilidhani huo ni mzaha mzuri. Akairudisha kadi polepole, akachukua kofia yake ya manyoya, ambayo haikuwahi kumfaa hata siku moja katika joto hili, akaenda nyumbani. Alistaafu mwezi ule. Nami nikabaki bila mtu wa kunichania bahasha.

Miaka ikapita. Barua zikaisha, barua pepe zikaja, Bwana Ramji akafariki, binti yake akatoa mashine za taipu akaweka kompyuta, nanyi mkaja mmoja mmoja na vipokea sauti vyenu masikioni. Mimi mliniweka dirishani, kwenye fomu na picha za pasipoti. Urusi yangu ilikuwa imelala. Kisha ikaamka, lakini safari hii si kwa ajili ya wanafunzi. Alianza kuja wakala mmoja, kijana wa viatu vyenye ncha, mwenye barua za kazi: kufungasha bidhaa, kupanga ghala, kulisha nguruwe. Aliwaleta vijana wetu wa mtaa wa Obunga na wa vijijini, tukawajazia fomu. Aliposikia kwamba mimi najua majina alifurahi kupita kiasi. Aliniita Balozi. Kila aliposema "Balozi" nilikaa wima zaidi kwenye kiti.

Siku moja asubuhi alimleta Felix na mama yake. Felix alikuwa na miaka ishirini na minne, amesomea umeme wa nyumba, na kwa miaka miwili alikuwa akifunga waya kwenye vibanda vya Obunga anapoitwa, na alikuwa haitwi sana. Mama yake anauza samaki Luanda Kotieno, pale ufukweni wanapopandia feri ya Mbita. Ni mwanamke mrefu, wa maneno machache, na alikuwa amevaa kitambaa cha kanisa ingawa haikuwa Jumapili. Barua ya kazi ilisema Kamenka. Kamenka tu.

"Jaduong'," akaniita, yaani mzee, "huko ni ka ng'a?"

Nami nikapanua mabega. Nikamwambia hapo si kwa mtu, ni kwa jiwe. Kwa Kirusi kamen ni jiwe, kama kwetu luanda ni mwamba. "Yaani, Mama Felix, hii ni Luanda. Mwanao anatoka Luanda anaenda Luanda."

Akacheka mpaka akafunika mdomo. "Luanda? Kweli?"

"Luanda kabisa. Baridi tu ndiyo imeongezwa."

"Mama, si nilikuambia?" Felix akasema. "Hata wazungu wako na Luanda yao. Wacha kuogopa."

"Balozi," wakala akasema, "wewe wanafaa wakuweke kwa tivi."

Brenda alikuwa anajaza fomu kwenye kompyuta. Akageuka akaniuliza, na ninaandika hili ili ijulikane kwamba aliuliza: "Mzee, hapa kwa mkoa niandike nini?" Barua haikutaja mkoa. Wakala akasema, "Hapo acha wazi, watajaza huko wakifika." Brenda akanitazama mimi, si yeye. Mimi nilikuwa nachapa kadi ya mama. Nikasema, "Acha wazi."

Mama Felix akamwekea mwanawe mkono kichwani pale pale katikati ya saiba, watu wa picha za pasipoti wakingoja, akaomba kwa Kijaluo, akataja Luanda mara tatu. Kadi akaitia kifuani.

Kwa wiki kadhaa Felix alipiga simu. Alisema kuna theluji, alisema kazi ni ya ghala, alisema chakula ni viazi. Kisha akasema wanaambiwa watahamishwa na kwamba kuna karatasi za kutia sahihi zilizoandikwa kwa Kirusi, na kwamba waliozitia sahihi wamepewa nguo za rangi ya majani kama za wanajeshi na kupandishwa kwenye lori. Yeye alikuwa hajatia. Kisha simu yake ikanyamaza. Ya wakala nayo ikanyamaza siku hiyo hiyo, kana kwamba zilikuwa zimekubaliana.

Mama Felix akaja mjini. Alikwenda ofisi moja akaelekezwa nyingine, mpaka za Nairobi, na kila mahali walimsikiliza kwa upole na kumuuliza swali lile lile: Kamenka gani? Mkoa gani? Yeye akatoa kadi yangu kifuani akawapa. Fikirieni afisa wa serikali anapewa, kwa ajili ya kumtafuta mtu, karatasi iliyoandikwa "Mahali pa Jiwe".

Alipokuja kwangu alikuwa nayo bado. Tuliketi yeye, mimi na Brenda mbele ya kompyuta, Brenda akaandika Kamenka. Ikaja orodha. Akashusha. Ikaendelea. Kamenka kaskazini, Kamenka milimani, Kamenka mbili katika mkoa mmoja, Kamenka yenye nyumba kumi, Kamenka iliyobaki jina tu.

"Mzee, hizi haziishi," Brenda akasema kwa sauti ya chini.

Mama Felix alikuwa anaangalia mstari juu ya mstari, ingawa hakuzijua zile herufi. Akauliza kama zote ni Kamenka. Nikasema zote.

"Na wewe unatoka wapi, Jaduong'?"

Alijua ninakotoka. Ni vilima viwili kutoka kwake. "Luanda, Mama."

"Luanda gani?"

"Luanda Kotieno."

"Kwa nini unaongeza Kotieno?"

Huku kwetu hata mtoto wa darasa la pili, ukimwambia unakwenda Luanda, anakuuliza Luanda gani, maana iko ya Vihiga, iko hii, na ziko nyingine, na mawe yako kila mahali. Ndiyo maana sisi tunasema mwamba wa kwa Otieno. Mimi, mtu wa mahali hapo, niliyelipwa maisha yangu yote kujua majina, niliona jina la jiwe nikafurahi kwamba nimelielewa. Mama huyu alikuwa ameniuliza swali sahihi siku ile, ni kwa nani, nami nikamjibu kwa kamusi.

Alirudi kila Alhamisi baada ya kuuza samaki. Hakunilaumu kwa sauti. Aliketi kwenye kile kiti cha plastiki karibu na mashine ya nakala, akauliza kama kuna habari, akaondoka. Mwezi mmoja, miwili, mitatu. Mlikuwa mnampa maji. Hakuyanywa. Mwezi wa nne, Jumatatu mchana, simu yangu ikaita, namba ndefu ya ajabu.

"Mzee? Ni Felix. Mama amesema nikupigie wewe. Amesema we ndo unasoma hizi herufi."

Nilisimama. Kiti kikaanguka. Nikamuuliza yuko wapi.

"Hapo ndo shida, Mzee. Sijui. Tulitoroka na jamaa wa Uzbeki kabla watupandishe lori. Hii simu ni yake, ni mulika mwizi tu, haina intaneti. Lori la viazi limetutoa mbali, limetuacha kwa stesheni ya treni. Naogopa kuuliza polisi, sina pasipoti, walikaa nayo."

"Stesheni ina kibao?"

"Iko, juu. Kubwa. Inasema Pokko kitu fulani."

"Usisome. Niambie umbo, moja moja. Brenda, kalamu!"

"Ya kwanza P."

"Hiyo ni R. Endelea."

"O. Halafu C mbili. Halafu O tena. Halafu kuna kitu kama uma."

"Meno mangapi?"

"Matatu. Yanaangalia juu."

"Chini ina mkia?"

"Haina mkia, Mzee. Halafu ya mwisho ni b ndogo, lakini wameifanya kubwa."

Rossosh. Nililiandika, na maana yake ikanijia yenyewe, kama mbwa aliyezoea kuitwa: mahali mito inapogawanyika, kama panda ya mti. Nikaifukuza. Nikamwambia Brenda atafute Rossosh gani. Ziko kadhaa, vijiji vijiji, lakini yenye stesheni kubwa ni moja, mkoa wa Voronezh. Nikamwambia Felix aangalie kibao cha nyakati za treni, kama kuna neno refu linaloanza na B, kisha O, kisha P. Akasema lipo, lipo mara nyingi. Voronezh. Nikamuuliza ukumbi wa kungojea una milango mingapi na yeye ameketi karibu na upi. Alidhani nimechanganyikiwa. Nilikuwa naandika.

Kisha nikaandika kwenye karatasi safi, kwa mpangilio niliofundishwa: Urusi, mkoa wa Voronezh, mji wa Rossosh, stesheni ya treni, ukumbi wa kungojea, mlango wa pili. Mtu mwisho. Brenda akaituma kwa afisa mmoja wa Nairobi aliyekuwa amemuuliza Mama Felix Kamenka gani, na baada ya dakika chache akapiga mwenyewe. "Mzee," akasema, "hii sasa ni anwani." Kabla ya jioni mtu wa ubalozi alikuwa amezungumza na Felix kwenye simu ya yule Muuzbeki, na kumwambia akae hapo hapo.

Nikampigia Mama Felix. Alikuwa ufukweni, nasikia honi ya feri.

"Amenipigia kama ulivyomwagiza," nikasema. "Ni mzima."

"Yuko wapi?"

"Rossosh."

Honi ikaita tena. "Sikuuliza jina, Jaduong'. Nimeuliza wapi."

Nikamwambia wapi. Kusini mwa Moscow, mwendo wa treni kama wetu wa basi kutoka Kisumu hadi Mombasa. Karibu na mpaka wa vita, lakini si ndani yake. Nikamwambia kuna baridi kiasi gani na kwamba hana pasipoti, na kwamba karatasi za kumrudisha zitachukua wiki nyingi. Nilimwambia yote mabaya niliyoyajua, moja baada ya jingine, na yeye akaitikia kila moja kama anayepokea vitu mkononi.

Felix alirudi baada ya mwezi na kitu. Vidole viwili vya mguu wa kushoto viliachwa huko kwa sababu ya baridi. Mimi nilistaafu wiki iliyofuata. Mliniuliza kwa nini siongezi mwaka mmoja kama ilivyozungumzwa, nikasema ni mgongo. Haukuwa mgongo.

Juzi nilikwenda Luanda Kotieno na sukari na mkate, kwa mguu wangu mwenyewe, kuomba msamaha. Nilikuta Felix anachomelea waya kwenye jokofu la samaki la jirani, na mama yake anaanika omena. Nilisema nilichokwenda kusema: kwamba kile kisanduku cha mkoa ni mimi niliyesema kiachwe wazi, si Brenda, wala wakala hakunishika mkono. Niliwaambia nilikuwa najua, na nilifundishwa siku ya kwanza.

Felix akakwangua waya. "Na unajua, Mzee, ile Kamenka? Sijaona jiwe hata moja. Tope tu mpaka magotini."

Alicheka, nami nikacheka kwa woga. Mama yake hakucheka. Alinipa kigoda niketi, akaniletea chai, akaendelea kutawanya omena kwa mkono.

Tulikuwa hapo alipokuja binti wa jirani, amemaliza chuo mwaka huu, ana barua ndani ya bahasha ya plastiki. Ni kazi ya hoteli, nchi nyingine kabisa, mji ambao sijawahi kuusikia. Akanisalimu kwa adabu.

"Mzee, wanasema unajua majina ya miji. Hii maana yake ni nini?"

Niliisoma yote, mbele na nyuma. Jina la mji lilikuwepo. Chini yake hapakuwa na mkoa, wala barabara, wala jina la hoteli. Nikamrudishia nikamwonyesha kwa kidole mahali palipo wazi, nikamwambia aliyempa barua ajaze hapo kwanza.

"Sawa, nitamwambia," akasema, naye alikuwa ananionea huruma kidogo, kama ninyi mlivyokuwa mnanionea. "Lakini hilo jina, Mzee. Maana yake?"

Nilifungua mdomo. Mama Felix akanitangulia, bila kuinua kichwa kutoka kwenye samaki wake.

"Maana yake," akasema, "huendi."